Mizinga Yako Pale Ngazini

Shemeji Leonsi,

Tulifundishwa shuleni kwamba barua huanza kwa kusema sisi huku wazima, wasiwasi ni kwako. Nimeandika hivyo, nikafuta. Wewe sasa huna wasiwasi na mtu, na uzima wa huku ni wa kubahatisha. Goti langu la kushoto linalia kila nikipanda ngazi, na ngazi nimezipanda zaidi mwaka huu kuliko maisha yangu yote. Sababu ni wewe. Umekufa, shemeji, na bado unanituma.

Dada yako Felista anakusalimu. Kikombe chako bado anakiweka juu ya kabati, na mtu akikigusa anagombwa. Aliyekigusa ni mimi. Nilitaka chai tu.

Ulipotutoka, mizinga ya nyuki uliyoichonga ilikuwa imelala kwenye karakana yangu, imepangwa kando ya mageti ya watu. Wateja walikuwa wakiingia wanaikodolea macho. "Fundi, umeacha kuchomelea, unauza kuni?" Najibu kwamba hiyo ni sanaa ya maktaba mpya. Wananitazama kwa huruma, halafu wanauliza geti lao litakuwa tayari lini. Na mimi, kwa siri, nilikuwa nawaelewa. Magogo yaliyotobolewa katikati, yamelala chini, hayana tofauti kubwa na kuni. Ulishaniambia lakini sikukusikiliza: kazi ile ulikuwa umeichongea ukuta mmoja tu duniani.

Nakumbuka siku ulipouchagua. Bi. Nyanjige, mkuu wa maktaba, alikuita jengo likiwa bado na majukwaa ya mafundi. Alitaka kitu cha Katavi pale kwenye ngazi ya kupandia chumba cha kusomea. "Sitaki picha ya kiboko," alikwambia. "Viboko tunao." Ukaketi kwenye ngazi ya zege mbichi tangu asubuhi, hufanyi kitu. Nilipokuletea chapati, badala ya ahsante ukaniambia, "Usinizibie jua." Jua lilikuwa linaingia kwenye dirisha lile la juu, upande wa mashariki, linaugonga ukuta wa pili na kuteremka nao polepole. Ulikuwa unalitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akijifunza kutembea.

Ukasema mizinga itaning'inia hapo, ifuate mteremko wa ngazi, ncha zote wazi, ili asubuhi jua lipite ndani ya magogo na kuchora miduara ukutani. Mmoja tu, wa juu kabisa, ndio ungekuwa na mifuniko na kitundu kidogo, kama mzinga wa kweli. Nilikuuliza kwa nini huo usipitishe jua. "Mmoja lazima uwe na giza," ukanijibu, basi. Nikakutania: mizinga isiyo na nyuki, kwenye nyumba isiyo na mti, kweli Wakonongo mmekwisha. Nawe ukasema nyie Wafipa mnajua ulezi tu, haya mengine tuachieni. Ulicheka hadi ukakohoa. Kile kikohozi tulikiona kidogo. Shemeji, tulikiona kidogo sana.

Basi nikuambie yaliyotokea baada ya mazishi.

Bi. Nyanjige aliniita akasema wewe hupo, kazi ipo, na anayeijua ni mimi. Nikakubali, maana nilikuwa nalia. Mtu asikubali kazi huku analia. Nilipofika na drili yangu nikakuta ukuta wako mweupe, laini, unang'aa kama sahani. Nikafurahi. Nikatoboa. Drili ikaingia kama kijiko kwenye uji, nikaifuata karibu nianguke. Walikuwa wameufunika ukuta kwa jipsamu ili upendeze! Hata kalenda nzito ingeuangusha, sembuse magogo ya mninga.

Mhandisi wa jengo, kijana mpole, akanionea huruma. Akanionyesha ukumbi wa chini, njia ya kwendea vyooni. "Huku ukuta ni tofali tupu, fundi. Funga hapa, tumalize." Alikuwa na haki kwa upande wa tofali. Lakini huko jua halijawahi kufika wala halina mpango. Nilisimama pale nikaiona mizinga yako ikiwa imejipanga gizani, watu wakitundika miavuli yao juu yake. Nikamwambia hapana. Akaniuliza sababu ya kitaalamu. Nikasema, "Marehemu hatapenda." Ajabu, akavua kofia yake ngumu.

Ni yeye aliyenionyesha bimu ya zege iliyopita juu ya ngazi, imara, imejificha nyuma ya dari. Kama ukuta umekataa kubeba, tuning'inize kutoka juu. Na kweli, mzinga lini ulipigiliwa ukutani? Unaning'inia. Nilijiona mjinga, lakini mjinga mwenye bimu. Nikachomelea vishikio, nikafunga minyororo, tukaipandisha mizinga mmoja mmoja kwa kamba, mimi nikipiga kelele kama napakia ng'ombe kwenye lori.

Sasa cheka. Ulijua nitaharibu mahali, hebu kisia wapi.

Nilitumia pimamaji. Ndiyo. Mimi ni mtu wa mageti, geti likipinda mteja anarudi. Nikaupima kila mzinga hadi ukalala sawasawa kabisa, kiputo katikati ya mistari. Nikateremka nikiwa na fahari. Asubuhi nikamleta Felista aone. Jua likaingia, likaigonga mizinga ubavuni, likaishia hapo. Hakuna mduara hata mmoja. Ilikuwa kama mishikaki mikubwa inayosubiri moto.

Felista alitazama, akatazama, kisha akaanza kucheka, akacheka akilia, akakaa kwenye ngazi. "Baba Neema, umeilaza! Nani alikwambia mzinga unalazwa? Mzinga unainamishwa mdomoni, mvua ikiingia itoke. Kaka hajawahi kutundika mzinga uliolala tangu azaliwe!" Nikamwambia humu ndani mvua hainyeshi. Akasema, "Mwambie yeye."

Nikapanda tena. Nikalegeza mnyororo wa upande mmoja, mzinga wa kwanza ukainama, kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu. Na jua likapita. Shemeji, lilipita lote. Mduara ukatokea ukutani, wa rangi ya chai ya maziwa, unacheza kwa sababu mnyororo ulikuwa bado unabembea. Hukunieleza kwamba mwinamo wa mizinga ya kwenu Inyonga na mwinamo wa jua la dirisha lile ulikuwa umeshailinganisha siku ile ya chapati. Au ulinieleza, nami nikawa nakutania. Tuliinamisha yote, mmoja baada ya mwingine, na jipsamu yao nyeupe ikawa ndiyo pazia bora kuliko tofali. Na hilo nimelikubali kwa shingo upande.

Maktaba ikafunguliwa. Watoto wakawa wanasimama ngazini wakiweka viganja vyao kwenye miduara. Bibi mmoja kutoka Katumba, alikuwa amemsindikiza mjukuu, aliketi pale chini asubuhi nzima bila kitabu. Nilidhani mambo yamekwisha, nikarudi kwenye mageti yangu.

Kisha miombo ikachanua, na simu ikalia. Bi. Nyanjige hasemi kwa sauti kubwa, unamjua, lakini siku ile nilimsikia hata kabla ya kuweka simu sikioni. "Fundi Gaudensi! Nyie watu mmeniletea nini? Wameingia!"

Kundi zima la nyuki, shemeji. Walipita dirishani, wakauzunguka mzinga wa juu, wakaanza kuingia kwenye kile kitundu kama wanafunzi waliosikia kengele. Wasomaji walikuwa wamejaa nje barabarani na vitabu vya maktaba mkononi. Felista alinusa hewa pale chini ya ngazi, akanitazama. "Ameupaka nta," akasema. "Kaka ameupaka nta kwa ndani."

Ndivyo mnavyofanya kwenu, nimejifunza sasa. Mzinga mpya unapakwa nta ili nyuki waupate kwa harufu. Uliambiwa uchonge mapambo ya maktaba, ukachonga, na mwishoni ukafanya kama ulivyofanya maisha yako yote. Ulisahau? Au ulikusudia? Nimeliuliza gogo lenyewe. Bi. Nyanjige naye alimuuliza Felista, kwa ukali wenye hofu, "Hii ni sanaa au ni mzinga?" Dada yako akajibu, "Mama, kaka hakuwa anajua tofauti."

Lakini agizo la maktaba likatoka, na sikuweza kulilaumu. Kuna watoto pale. Nyuki watolewe, mzinga ukwanguliwe na kuoshwa kwa maji ya moto pasibaki hata harufu. La sivyo kazi yote ishushwe kabla ya Jumatatu. Niliwaza ile karakana yangu. Niliwaza mizinga ikirudi kulala kando ya mageti, safari hii moja kwa moja.

Mimi na nyuki unatujua. Ulikuwa unasema nyuki ananusa woga, na kwangu hahitaji hata kunusa, anauona kwa macho. Nikasema nitafute mtu Ugalla au Inyonga. Felista akasema, "Mtu wa nini?" Nikamkumbusha maneno ya baba yenu, kwamba mwanamke wa nyumba yake hapandi mti wa mzinga. Ulikuwa unaniambia jinsi Felista alivyokuwa anawafuata porini utotoni na kuachwa chini ya mti, ashike kibuyu, akiangalia nyayo zenu tu. Dada yako akafunga kanga kiunoni. "Mti uko wapi? Mimi naona ngazi."

Tulisubiri jua lizame na wasomaji waondoke. Felista akawasha magome makavu, na hapo Bi. Nyanjige akakumbuka king'ora cha moshi. Ungemwona! Mkuu wa maktaba, mama mzima na miwani yake, alipanda juu ya meza, akavua kilemba, akakifunga kile kidude cha darini kama mtu anayemfunga mtoto nepi. "Endeleeni," akasema, "na msiniulize lolote." Mimi nilikuwa nimeshika ngazi ya kukunja. Naomba iandikwe mahali kwamba sikuiachia.

Felista alifukiza, akafungua mfuniko, akawachota nyuki kwa kata, taratibu, akiwahamishia kwenye sanduku. Alikuwa anawasemesha Kikonongo. Sikuelewa yote, lakini jina lako nililisikia. Hakuumwa. Niliumwa mimi, chini kabisa, sikioni, ambapo hapakuwa na sababu.

Mzinga ulipobaki mtupu, alimulika ndani kwa simu ili aanze kukwangua. Akaniashiria nipande. Nikapanda na goti langu.

Nta yako ilikuwa pale, shemeji. Hukuipaka kwa kijiti wala kitambaa. Ulipaka kwa mkono. Vidole vyako vinne vimepita kutoka mdomoni hadi ndani, na pale gumba lilipobana pameacha alama, hata ile mistari midogo ya ngozi inaonekana. Na kile kidole cha shahada kilichopinda, kimepinda hata kwenye nta.

Felista alikuwa ameshika kisu. Akakirudisha mfukoni. Akaweka vidole vyake kwenye njia ya vidole vyako, havikutosha, vyake vidogo. Akasema, "Sikwangui." Halafu akaniangalia mimi. Miaka yote ya ndoa yetu huniangalia hivyo kitasa kikiharibika, na mara hii nilishukuru Mungu kwamba kuna kitu ninachokijua. Nilimwambia Bi. Nyanjige kwamba nyuki haingii palipozibwa, hata kama harufu inamwita. Kesho yake nilitengeneza wavu wa chuma, matundu madogo hata sisimizi aombe ruhusa. Nikauchomelea kwenye pete, nikaikaza pete kwenye kitundu, na mifuniko yote miwili nikaifunga kwa boliti. Mama yule alipanda mwenyewe kukagua. Akachungulia ndani muda mrefu kupita ukaguzi. Aliposhuka alisema, "Iache hivyo, fundi." Jumatatu watu wakapita chini yake na vitabu vyao.

Nyuki wako Ugalla, kwenye sanduku la Felista. Sasa ana mizinga, na hataki msaada wangu, anasema sikio langu linawavutia.

Basi lala, shemeji yangu. Lala bila kututuma tena, au tutume, nimeshazoea. Nilikubishia kwa kila kitu ulipokuwa hai, na hii nakuahidi bila ubishi: watakapopaka rangi upya, watakapobadilisha dari, hata wakija na mhandisi mwingine mwenye ukuta bora zaidi, ule mzinga wa juu hautafunguliwa wala kuoshwa na mtu nikiwa hai. Nikiwa sipo, nimeshamwambia Neema. Mkono wako utakaa humo gizani, ukiwa umenyooshwa kukaribisha.

Shemeji yako,
Gaudensi