Baba Mkwe Kalibana Bomba, Nami Nashindwa Kumwambia

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ijayo, maana nina siri ndani ya ndoo yangu ya vifaa na kila nikipita karibu nayo naona aibu. Mimi ni mwanamke, fundi bomba, nimeolewa mwaka jana na tunaishi na wazazi wa mume wangu, na baba mkwe ni fundi cherehani aliyestaafu, mcheshi, ananiita "mwanangu" kutwa nzima mpaka mume wangu anauliza yeye basi ni mtoto wa nani. Sasa nilisafiri kikazi, huku nyuma mzee akasema amechoka kuniona narudi na mikono iliyopasuka halafu naoga maji baridi alfajiri, akapanda ngazi mwenyewe, akavuta bomba la maji moto kutoka kwenye hita mpaka bafuni na kulivalisha sponji nyeusi ili joto lisipotee, na niliporudi akanishika mkono, akanifungulia, maji yakatoka yana joto, nikalia, Mshauri, sijawahi kufanyiwa jambo kama lile.

Machozi yalipokauka ndipo nikaziona klipu, vile vibanio vinavyolishika bomba darini. Ee Mungu wangu! Dukani aliulizwa bomba lina unene gani, akautaja sawasawa, akapewa klipu za bomba tupu, sponji akaisahau, basi zilipokataa kufunga akachukua mkasi wake wa kukatia nguo akaipunguza sponji kila penye klipu, na alipochoka kukata akawa anazikaza kwa nguvu tu, sponji ikawa na kiuno cha nyigu. Joto linapotelea hapohapo, maji yanatoka kwenye hita yakiwa moto yananifikia vuguvugu, na bomba likipata joto halina pa kujinyoosha, linagonga ko-ko-ko, na mama mkwe aliye jikoni anaitikia, "Karibu, mlango uko wazi!" Kila asubuhi. Juzi alimtolea kiti mgeni ambaye hayupo.

Nimeshindwa kumwambia mzee. Siku ile niliyorudi aliniuliza, "Fundi, kazi unaionaje?" nikasema, "Nzuri sana, Baba," tukiwa mezani akarudia, "Fundi, hebu niambie, kazi unaionaje?" nikasema, "Baba, umetupita sisi wenye kazi yetu," na jana nimemkuta kasimama chini ya bomba, futi yake ya kupimia nguo shingoni, akauliza tena, "Eti fundi?" nami nikamwambia mikono yake ibarikiwe. Mume wangu nimemsihi aseme yeye, anajibu, "Mimi simo, mafundi ni nyinyi." Na Jumamosi mzee anakwenda kwa dada yake kumfungia bomba kama hilihili, kwa klipu zilizobaki!

Nimenunua klipu za saizi sahihi, nimezificha kwenye ndoo chini ya matambara, na nawaza siku akitoka matembezini nizibadilishe harakaharaka asijue. Lakini akijua je? Ataona zawadi yake nimeitupa. Baba yangu mzazi nilimzika nikiwa mdogo, Mshauri, na huyu ndiye niliyepewa, sitaki kumpoteza kwa sababu ya klipu. Nifanyeje?

Ni mimi, Fundi Niliyekwama

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka peke yangu hapa ofisini mpaka wenzangu wakaja kuchungulia, na huyo mgeni wa mama mkwe akifika kweli, mnisalimie.

Sasa tukae kitako. Baba mkwe anayepanda ngazi kwa ajili ya mikono ya mkwewe haokotwi njiani. Unalijua hilo, ndiyo maana unaogopa, na kwa hofu hiyo sikulaumu hata kidogo.

Ninachokulaumia ni hiyo ndoo. Ati ubadilishe kwa siri! Mtu aliyeshona nguo maisha yake yote, unadhani hatajua mshono wake umefumuliwa? Ataamka asubuhi, nyumba kimya, mke wake hajamkaribisha mtu, atainua macho tu ajue. Hapo ndipo utakuwa umemdharau kweli. Njia ya mwongo ni fupi, binti yangu, na yako imeishia bafuni. Na shangazi wa watu amekukosea nini hata naye agongewe kila asubuhi? Mumeo naye mwambie nimesema yumo, tena sana, kazi yake ni kushika ngazi.

Klipu wewe unazijua, ila nina wasomaji ambao mabomba yao yanabisha hodi, kwa hiyo nimemuuliza fundi wa jengo letu. Anasema klipu ya bomba lenye sponji hupimwa juu ya sponji, wala si juu ya bomba. Iwe pana, maana nyembamba huikata sponji. Ishike bila kubana, ili bomba likipata joto liweze kujisogeza. Wala msiziache mbalimbali mno, bomba likabembea katikati. Palipokatwa pavalishwe sponji nyingine nzima. Na zile klipu ndogo za mzee hazina kosa lolote, zitafaa bomba tupu la maji baridi.

Utamwambiaje? Yeye ni fundi cherehani, mfuate kwenye kazi yake. Muulize, "Baba, mkanda wa koti unapimwa juu ya shati au juu ya koti?" Halafu funga mdomo. Atakujibu kwa haraka, kisha ataitazama dari. Akishaitazama, mwambie azungushe futi yake mwenyewe juu ya hiyo sponji, na wewe ulete ndoo. Mshukuru tena kwa yale maji, maana shukrani ile ilikuwa ya kweli na hujaifuta.

Na isome tena barua yako. Kutwa nzima anakuita mwanangu. Akiulizia lile bomba anakuita fundi, mara zote tatu. Mtu aliyeridhika na kazi yake haulizi mara tatu, mama. Ile ko-ko-ko anaisikia kama mnavyoisikia nyinyi, na amezunguka na futi yake shingoni akitafuta wa kumwambia ukweli. Amemuuliza fundi, na kila mara amejibiwa na mkwe.

Jumamosi nendeni kwa shangazi pamoja, yeye apime, wewe ukaze. Lakini leo nenda ukamjibu mzee, amengoja vya kutosha.