Mwajiriwa Mpya wa Darasa la Kwanza

Mpui, Rukwa

Mama Neema,

Natumaini hapo Morogoro mmeamka salama, na kifua cha mwanetu kimetulia. Mimi mzima. Baridi ya huku ni ya kulala na sweta, na ugali wa ulezi nimeshauzoea, hata siku ukikosekana nauulizia.

Jibu la ofisi ya elimu kuhusu cheo changu nimelipata. Nilipanda basi hadi Sumbawanga na vyeti vyote, pamoja na barua ya ile shule binafsi niliyoiacha, inayoeleza miaka kumi na miwili ya kufundisha hesabu darasa la saba. Afisa aliyenipokea ni kijana. Alinipa shikamoo, akasoma kila karatasi bila haraka, kisha akasema, "Mwalimu, vyeti vyako safi kabisa. Ila huko hukuwa serikalini. Huku unaanza mwanzo, cheo na mshahara." Nikamuuliza hiyo miaka niipeleke wapi. Akasema, "Hiyo ni faida yako mwenyewe, mwalimu." Iliniuma, sikufichi. Nimekata rufaa, nasubiri.

Kwa kuwa nahesabiwa mpya, mwalimu mkuu alinipa darasa la kwanza. Niliona ni dharau, ila angalau kazi nyepesi. Siku ya kwanza nikafundisha kuhesabu, nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia wote, "Ndiyooo!" Nikajisifu moyoni. Nikauliza, "Nani hajaelewa?" Wakaitikia tena, "Ndiyooo!" Kumbe wengi wao nyumbani ni Kifipa tu, Kiswahili ndiyo kwanza wanakutana nacho. Mwalimu Oliva wa darasa la pili, mzaliwa wa hapa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Pole, baba," akaniambia. "Hawa uanze nao kwa punje za mahindi. Maneno yatafuata."

Basi siku hizi natembea na mahindi mfukoni na najifunza Kifipa. Nikitamka vibaya, darasa zima linaangua kicheko. Kuhesabu bado, wengi wananitazama tu. Darasa halijawahi kunishinda, Mama Neema, na hili linanishinda kila asubuhi.

Juzi mkurugenzi wa shule ya zamani alinipigia simu. Nafasi yangu ya mwalimu wa taaluma bado ipo, na mshahara ni ule ule. Alitaka jibu upesi. Nikawaza, nikiondoka sasa, yule kijana wa ofisini atakuwa amesema kweli: mwalimu mpya, kazi imemshinda.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Shemeji anayekusaidia dukani mwambie nashukuru sana. Neema mwambie baba yake anafundishwa na watoto wadogo kuliko yeye.

Mkurugenzi nimeshamjibu. Nimemwambia nabaki. Najua ulikuwa unanisubiri, na kuuguza mtoto peke yako si mchezo. Ilikuwa haki yako nikuulize kwanza. Sikukuuliza kwa sababu ungeniambia nirudi, na mimi ningerudi.

Mumeo,
Baba Neema