Leo Mama ameniona nacheza

Bweremana, Jumapili, siku ya yenga, jioni. Mvua ilinyesha asubuhi, sasa hewa ni safi na ziwa limetulia. Goti langu la kushoto limevimba kidogo. Niko na furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi naiandika hapa.

Mama ameniona nacheza basketi. Kwa mara ya kwanza.

Kwa asiyenijua: mimi ni mchezaji wa kulipwa, lakini si wale wa kubandikwa picha ukutani. Nimecheza Goma, Bukavu, Bujumbura, Kigali, Lubumbashi, Kampala. Msimu hapa, msimu pale, mara nyingine nusu msimu: mchezaji wao aliyeumia akipona, mimi nafunga begi. Kote nimekuwa mtu wa benchi. Naingia nyota wao akichoka, nazuia, nagombania mpira chini ya pete, nampa anayejua kufunga, narudi kukaa. Ni kazi na naipenda. Nyumbani tu ndiko sikuwahi kuieleza vizuri.

Mama ni mkulima. Alinizaa Nyamitaba, juu kule Masisi. Papa alikufa ningali mdogo. Vita vilipotufukuza, Mama alishuka nami hapa kando ya ziwa, akapata kipande cha kulima maharagi mlimani, akaanza upya. Kila nikirudi safari ananikagua kama mtu anayetaka kununua mbuzi: miguu, mgongo, hata meno. Kisha anauliza, "Bahati, ile michezo utaacha siku gani?"

Safari hii nilikuja na jibu. Kocha wa Kampala alikuwa ananitaka tena kwa msimu mmoja. Leo asubuhi, kabla ya misa, nilimpigia simu nikamwambia nimefika mwisho, atafute mwingine. Akasema, "Haya kaka. Umefanya kazi." Nilipanga nimwambie Mama baadaye. Nilidhani nitakuwa nampa zawadi.

Baada ya misa kulikuwa na mechi kwenye uwanja wa parokia, sisi na vijana wa Minova. Padiri aliniomba nisaidie, maana timu yetu ilikuwa na watu wachache. Mama akaja na wamama wenzake wa kwaya, kiti cha plastiki kichwani.

Nilianza kwa kukaa. Mazoea.

Mama akaita kutoka upande wa pili, "Bahati, wamekukatala?"

Uwanja mzima ulicheka. Nikaingia.

Tulicheza vizuri kiasi. Halafu kijana mmoja wa Minova, mrefu kunishinda, aliruka pamoja nami, kiwiko chake kikanipata kifuani, nikaanguka kwenye changarawe. Kabla sijainuka nikaona kikwembe cha Mama, kile kitenge anachojifunga. Alikuwa katikati ya uwanja. Mwamuzi alibaki na filimbi mdomoni.

"Wewe mutoto," Mama alimwambia yule kijana, "mama yako njo nani?"

"Mama, unisamehe. Iko mupira tu."

"Sawa. Umushike mukono, umuinue."

Akaniinua. Mama akarudi kwenye kiti chake, na mchezo ukaendelea. Nimecheza mbele ya umati mkubwa katika miji mikubwa, na hakuna mtu aliyewahi kuingia uwanjani kwa ajili yangu.

Tulishindwa. Lakini mwishoni kabisa nilikuwa na mpira chini ya pete, watu wanapiga kelele nitupe. Nikamwona mwalimu wetu wa shule ya msingi, naye akichezea timu yetu, amesimama peke yake kwenye kona, mtu ambaye mchana kutwa hakuwa amefunga hata mara moja. Nikampa. Akafunga. Alikimbia mikono juu kama ameshinda kombe.

Njiani kurudi, Mama alibeba kiti chake kichwani.

"Pale mwisho, pete ilikuwa karibu na wewe," akasema. "Juu ya nini haukutupa?"

"Mwalimu alikuwa peke yake, Mama. Na njo kazi yangu. Kule kote nachezaka vile. Mara mingi niko nakaa tu, nangoya waniite."

Niliogopa nimemwaibisha. Kwenye kwaya wanajua mtoto wake ni mkubwa wa timu.

"Papa yako alikuwa vile," akasema. "Siku ya salongo, watu wote wakitoka kulima pamoja, yeye alikuwa naanzia kwa shamba ya wajane. Ya kwetu inabakia nyuma. Nilikuwa namukasirikia. Na nilikuwa namupenda juu ya ile."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ninafanana na Papa. Sura yake hata siikumbuki. Niliangalia upande wa ziwa kwanza, kisha nikasema.

"Mama, nimeacha. Asubui nimeambia kocha."

Alisimama. Nilingoja ashukuru Mungu.

"Goti imekatala kabisa, ao umechoka?"

"Inauma, lakini haijakatala."

"Basi unaacha juu ya nini?"

"Juu yako. Kila mara unaniulizaka."

"Nilikuwa naulizaka juu sikuwahi kuona kazi yenye uko nafanya. Leo nimeona. Pigia ule muntu."

Nikapiga palepale barabarani. Nilikuwa na hofu kuliko wakati wa mechi, maana nafasi kama hizo hazikai. Kocha alicheka.

"Tangu asubuhi natafuta mtu wa kukaa benchi bila kununa," akasema. "Sijampata. Njoo."

Kabla sijamshukuru, Mama alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Wewe njo kocha? Uangalie ile goti ya mutoto yangu."

Nilisikia sauti ya kocha, mtu anayefokea wachezaji hadi wanatetemeka, ikijibu kwa upole, "Ndiyo, Mama."

Sasa anapika sambaza, vile visamaki vya ziwa, na bugali, ananisimulia mechi kana kwamba mimi sikuwepo. Anasema mwamuzi alikuwa mbaya.

Msimu huu huenda ukawa wa mwisho, huenda usiwe. Kesho asubuhi naanza kukimbia, polepole, kwa barabara ya ziwa. Mama amesema ataniangalia hadi nipotee kwenye kona, kisha apande mlimani kwenda shambani.