Safu ya Njoroge

Kitisuru, Nairobi, Alhamisi, mwezi wa Julai, 1954. Baridi kali, na jua halijatokea tangu Jumatatu.

Vidole vimeganda kwenye mashine ya hesabu, lakini silaumu baridi. Moyo ndio mzito.

Kazi yetu hapa nyumbani kwa Bwana, Mzungu wa elimu ya nyota, ni kutafuta mhimili wa dunia ulielekea wapi maelfu ya miaka iliyopita, na utaelekea wapi sisi sote tukishaoza. Unayumba polepole kama pia ya watoto inayozunguka. Kila hesabu tunaifanya wawili, mimi na Njoroge, kila mtu na mashine yake na safu yake, bila kuchunguliana. Majibu yakitofautiana, tunarudia. Tumebishana huyu mtu na mimi! "Wewe Mragoli, ugali umekulaza," ananiambia, na mara nyingi kweli ni mimi nimekosea.

Jumatatu tulikuwa pamoja pale Ngara, tukija kazini. Askari wa Hali ya Hatari wakatusimamisha, wakaangalia vipande, vile vitambulisho vyetu vya kazi. Njoroge ni Mkikuyu, akapandishwa lori la kwenda kambi ya kizuizini. Mimi, kwa kuwa si Mkikuyu, nikaambiwa pita.

Nikapita.

Sikugeuka hata kumtazama. Niliogopa.

Bwana akienda kambini aseme huyu ni mtu wangu, wanaweza kumwachilia. Mpishi mmoja wa Wazungu wa mtaa wa Karen alirudi hivyo. Nimemwomba mara mbili. Leo hakuinua hata macho: "Hiyo shauri ya serikali. Wewe fanya hesabu yote mbili."

Na ni huyu huyu aliyekataa tuache ile nyongeza ya nadharia ya uhusianifu, kwamba uzito wa jua unapinda nafasi yenyewe na kuusogeza mhimili kidogo zaidi. Kidogo mno, mpaka Njoroge alicheka. Bwana akawaka: hicho kidogo kikirundikana miaka elfu na elfu, jibu lote litapotoka! Hicho anakihesabu. Njoroge hamhesabu.

Basi nimejaza safu yangu, nikahamia kiti cha Njoroge, nikajaza yake. Yamekubaliana juu hadi chini. "Mzuri sana," Bwana akasema.

Yasikubaliane vipi? Nikikosea huku, nakosea na kule.

Jioni Wambui, mke wa Njoroge, atakuja tena getini kuuliza kama Bwana amesema neno. Nimwambie nini, jamani?

Kesho safu ya Njoroge naiacha wazi. Bwana akiuliza, nitamwambia mwenye safu yuko kambini, aende amlete. Akinifukuza, nitakuwa na kipande kisicho na mwajiri, na lori bado zinapita.

Nimeandika hivyo, na ninataka iwe hivyo. Lakini hata Jumatatu asubuhi, kabla hatujafika Ngara, ungeniuliza ningekuapia kwamba mimi si mwoga.