Boti Ilikunywa Maji Matamu

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Mama Halima, jirani yetu, amenisihi nitulie kwanza ndipo niandike, nikamwambia asante nikaingia ndani. Wewe usingeniambia nitulie.

Nianze na ya nyumbani. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Ekai, huyu kitinda mimba wako asiyejua kununua kitu kisicho na kelele, alileta birika linalopiga filimbi. Nililitumia mara moja tu. Lilipolia nilikusikia kabisa, kama uko hapo mlangoni: "Toa hiyo kwa moto. Mvuke ilikula watu wetu, haitakula na chai." Nimempa Mama Halima. Ekai amenuna mpaka leo.

Sasa kilichonikasirisha. Unawakumbuka wale vijana wa maonyesho, waliokuja hapa mtaani kwetu Kiwanjani na kamera kabla hujaugua, wakitaka habari za boti za kwanza za mvuke kule Ziwa Turkana? Wamefungua maonyesho yao hapa mjini. Waliniletea mwaliko wa siku ya ufunguzi, nikajifunga leso yako ya kijani nikaenda. Nilienda na furaha, Mama, nisikufiche. Nilijua leo habari yetu itasemwa.

Maana uliwaeleza vizuri. Alasiri nzima uliwaeleza, chai ikapoa mara ngapi sijui. Uliwaambia yote aliyokusimulia bibi: jinsi boti ilivyokuja vipande vipande juu ya ngamia, ikaunganishwa ufuoni. Jinsi ilivyoshindwa na maji ya ziwa, kwa sababu yale maji ya magadi yalitoa povu ndani ya tangi lake la kuchemshia mvuke na kuacha ukoko. Basi wanawake wa kwetu wakaamriwa kuichotea maji matamu, yale ya visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Watu wakanywa ya ziwa, boti ikanywa matamu.

Uliwaambia pia kwamba kisima cha mchanga huchotwa asubuhi, kisha huachwa kipumzike, kwa kuwa jua la mchana hukausha kuta na mchanga ukikauka haushiki. Hata mchungaji ambaye ng'ombe wake wanalia kwa kiu husubiri. Nyapara wa boti hakusubiri. Akiru, mdogo wake bibi, ndiye aliyekuwa chini kabisa, kwa kuwa alikuwa mwembamba, akipokeza karai juu. Mchanga ukashuka. Bibi na wenzake wakachimba kwa mikono, na kule ufuoni boti ikawa inapiga honi yake ya mvuke, inataka maji yake. Walichimba ikipiga honi. Jioni nyapara akawaamuru wafungue kisima kingine kando ya kile. Akiru hajatolewa mpaka leo.

Hayo uliwaambia bila kutoa chozi, wewe uliyepewa jina lake ukalibeba maisha yako yote.

Sikia walichoandika. Ukutani kuna picha ya nahodha, mchoro wa injini, urefu wa boti, na maneno mengi ya jinsi boti ilivyofungua kaskazini. Halafu wewe. Picha yako, kubwa karibu sawa na mlango, unacheka. Nakijua kicheko hicho. Ni pale mwenye kamera alipokalia kigoda chetu kibovu kikamwangusha. Chini yake wameandika: "Mkazi wa Isiolo akikumbuka furaha ya boti ya kwanza." Furaha, Mama.

Kisima hakipo. Akiru hayupo. Wanawake wote wale wamepewa mstari mmoja, kwamba wenyeji walisaidia kwa hiari.

Nilimtafuta yule kijana aliyekurekodi. Ana adabu, adabu mpaka inakera. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mama, wageni wanataka kitu ya kuwapa moyo. Hiyo ya kisima ni nzito, tutaiweka siku ingine." Nikamuuliza, siku hiyo ingine atamrekodi nani, na wewe tumeshakuzika? Akaangalia simu yake.

Basi nikakushusha. Sikupiga kelele. Nilivuta picha, kona moja ikararuka, mgeni wa heshima amesimama na makasi yake ya kukata utepe hajui aangalie wapi. Nikakubeba kwapani nikaja nawe kwa miguu mpaka nyumbani. Ekai anasema nimewaaibisha, kwamba tungeongea nao polepole. Labda. Lakini bibi aliongea polepole. Wewe pia uliongea polepole, na tumeona umepata nini.

Picha iko chumbani kwako. Yale maneno ya chini nimeyakata kwa makasi yangu ya cherehani.

Sitakudanganya kwamba nimesamehe. Sijasamehe, wala kwa sasa siuombi huo moyo. Kanisani wakifika kwenye Baba Yetu, pale pa kuwasamehe waliotukosea, mimi nanyamaza hapo. Ila ahadi naweza kukupa. Mvua ikiisha na barabara ikipitika nitaenda ziwani na Ekai, atake asitake. Ulinieleza mahali: penye kona ya mto mkavu, chini ya mawe mawili meusi. Tutampangia Akiru mawe kama makaburi ya kwetu yanavyopangwa, tutamwachia tumbaku, na nitalitaja jina lake kwa sauti. Ekai naye atalitaja. Na watoto wa pale wakija kutushangaa, kama watoto wanavyofanya, nao nitawafundisha walitaje.

Lala salama, mama yangu. Na kama umeshakutana naye huko, kabla ya salamu, kabla hata ya kumwambia unaitwa jina lake, mpe maji. Mwache anywe mpaka ashibe.

Binti yako,
Esther