Shukrani ya Shahada ya Mayige

Monika, unakumbuka jirani Mektilda aliniuliza, "Mbona wenzake Mayige wako chuoni Mwanza, yeye yuko hapa Bariadi?" Nikamjibu wahasibu humaliza mapema. Mwanangu ndiye aliniambia hivyo!

Niombee, simu ya Mayige haipatikani.

Leo nimetoa shukrani ya shahada yake kanisani. Nimepeleka na mbuzi. Mchungaji akampa Mayige kipaza sauti: "Mhasibu wetu, kuanzia leo utunze hazina ya kanisa."

Mayige akanigeukia. "Mama, nilifeli. Nilidisko, nikafukuzwa chuo mwaka wa pili."

Mwaka wa pili, Monika! Kwenye kipaza sauti!

Nikamuuliza, "Sasa Mwanza ulikuwa unaenda kufanya nini, baba?"

Akaniwekea kipaza sauti mkononi, akapita katikati ya kwaya, akatoka.