Viroboto wa Bosi

Jumanne, 8 Novemba 1994
Bosi anajikuna tangu alfajiri. Mgongo, karibu na mkia, hauna manyoya tena. Nimempekua mbwa mzima nikapata kiroboto mmoja. Mmoja tu. Jirani yangu Klara anasema ni upele, utaenea mtaa wote wa Mandewa, na mumewe ana rungu. Nimemjibu kwamba tangu marehemu mume wangu aondoke, Bosi ndiye mwanamume pekee humu ndani, hapigwi rungu na mtu. Akaona haya. Akanishauri mafuta ya taa.

Jumatano, 9 Novemba
Nilimpaka. Bosi kakimbia kuzunguka nyumba, kisha kaja kujifuta kwenye gauni la bibi harusi ninaloshona. Nimelifua mara tatu – bado linanuka chemli. Harusi Jumamosi.

Alhamisi, 10 Novemba
Nimekwenda duka jipya la dawa za mifugo, karibu na stendi. Mwenyewe anaitwa Leonidas, alikuwa bwana mifugo wa serikali, wakampunguza kazini. Niliposema mafuta ya taa alifumba macho. Kasema mbwa atajilamba afe – nikamwogeshe kwa sabuni leo hii. Kumbe si upele, ni mzio. Mate ya kiroboto ndiyo yanamdhuru. Akiumwa na mmoja tu, anajikuna siku nyingi.

Zamani dawa haikuwepo, basi. Sasa zipo tatu na sijui kuchagua. Unga, mkanda wa shingoni wenye dawa kutoka Nairobi, dawa ya kuogeshea. Nimechukua unga. Rahisi.

Jumatatu, 14 Novemba
Si rahisi. Bosi anapiga chafya, anajikung'uta, cherehani imekuwa nyeupe. Gauni lilivaliwa. Kanisani padri alisogea nyuma hatua mbili.

Jumatano, 16 Novemba
Nimenunua mkanda. Bosi kauvua, kauzika kwenye mihogo. Nilipomweleza Leonidas alicheka mpaka akavua miwani. Imebaki ya kuogeshea, lakini hiyo inataka kipimo, ikizidi inaua mbwa. Kasema, 'Mama Elina, nitakuja kuipima mwenyewe.'

Jumamosi, 19 Novemba
Kaja. Kalowa yeye kuliko mbwa. Halafu kanitoa jasho: magodoro juani, mikeka juani, vitambaa vyote nje, maana mayai ya viroboto yamo ndani ya nyumba. Tukafagia pamoja chini ya cherehani. Miaka sita sijafagia na mtu.

Jumapili, 27 Novemba
Kaja kukagua. Bosi hajikuni sana. Klara kauliza tangu lini bwana mifugo anarudi kwa mbwa mmoja. Kwa ng'ombe arobaini, sawa.

Jumapili, 11 Desemba
Manyoya yameota. Bosi amelala kivulini, miguu juu, ametulia kabisa. Leonidas kaingia na shati lililopigwa pasi, ndevu kanyoa. Kasimama mlangoni, kauliza, 'Vipi, bado anajikuna?'

Nikamtazama Bosi. Nikamtazama yeye.

'Usiku,' nimesema. 'Sana.'

Hakubisha. Kakunja mikono ya shati, kaomba kigoda. Naandika haya nikisubiri maji ya chai yachemke. Yuko uani, anamtafuta kiroboto taratibu, unywele kwa unywele. Amemaliza sikio la kushoto. Chai imechemka, naona bora niipunguzie moto, sikio la kulia bado –